Mstari wa Arobaini na Moja

Barafu ndiye aliyeanza kuuliza. Alikuwa mtunza majokofu wa benki ya damu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na jina hilo wenzake walimpa kwa sababu alivaa sweta mwaka mzima, hata siku ambazo wengine walijipepea kwa mafaili. Saa tatu kasoro robo asubuhi alisimama mlangoni kwa fundi kompyuta, karatasi mkononi.

"Mama Pacha, samahani. Hii 'e' ya nini?"

Mama Pacha aligeuza kiti. Jina hilo nalo alipewa hapohapo kazini, mwaka alipojifungua watoto wawili kwa mpigo. Siku iliyotangulia, Jumapili, alikuwa ameshinda ofisini peke yake akihamisha kazi zote kutoka kwenye seva ya zamani, iliyokuwa imezoea kuzimika bila kuaga, kwenda kwenye seva mpya. Asubuhi hii kila kitu kiliwaka kwa mara ya kwanza na alikuwa na furaha ya mtu aliyehamia nyumba mpya.

"'e' gani?"

"Hii hapa juu. Siku zote tunaandikiwa 'Orodha ya kutoa damu', basi. Leo imeanza na kistari na herufi 'e'. Nikasema labda limegunduliwa kundi jipya la damu, na mimi kama kawaida sijaambiwa."

Walicheka wote wawili.

"Achana nayo," Mama Pacha alisema. "Ni kituko cha seva mpya. Nitaifuta kabla ya mchana."

Barafu akaenda zake. Mama Pacha akanyanyua kikombe cha chai, lakini hakikufika mdomoni.

Herufi ile aliijua vizuri. Miaka saba iliyopita, alipoandika skripti, yaani mfululizo wa amri, ya kuchapa orodha, alikuwa ameiambia kompyuta ichape kichwa cha habari kisha iruke mstari, na kistari na 'e' vilikuwa ishara ya ombi hilo. Kwenye seva ya zamani ishara ilieleweka na kumezwa, haikuonekana kamwe kwenye karatasi. Leo ilikuwa imechapwa kama neno lolote lile. Maana yake ilikuwa moja tu: anayesoma amri zake leo si yule aliyezisoma miaka yote saba.

Anayesoma ni sheli, ile programu inayopokea amri mstari baada ya mstari na kuzitekeleza. Kila kompyuta huja na sheli yake. Zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, jina lilelile la kuitia, lakini hazina tabia moja. Ile ya seva ya zamani ilikuwa ya kubembeleza, inapokea hata amri zilizoandikwa kwa kujiachia. Hii mpya, kumbe, ilikuwa inashika sheria tupu. Mama Pacha alikuwa ameijaribu skripti yake mara tatu kabla ya kuihamisha, lakini zote tatu aliijaribu kwenye kompyuta yake ya mkononi, ambayo sheli yake nayo ilikuwa ya kubembeleza.

Akaweka kikombe chini. Kama sheli hii haielewi 'e', ni kitu gani kingine haielewi?

Alifungua skripti. Karibu na mwanzo kulikuwa na agizo lake mwenyewe la zamani: malalamiko yoyote ya kompyuta yatupwe, yasionyeshwe. Aliliweka kwa sababu seva ya zamani ilipenda kulalamikia vitu visivyo na maana na kuchafua karatasi. Sasa alilifuta, akaiendesha skripti upya kwenye kioo, bila kuchapa.

Kioo kilijaa. Lalamiko lilikuwa moja, likajirudia kwa kila mfuko wa damu uliokuwa kwenye jokofu: mstari wa arobaini na moja, alama isiyotarajiwa. Mstari wa arobaini na moja, alama isiyotarajiwa. Mstari wa arobaini na moja.

Hakuhitaji kuutafuta mstari huo. Ndio uliokuwa roho ya kazi yote. Ulisema hivi: ikiwa hali ya mfuko ni sawa na neno UMEZUIWA, uache nje, vinginevyo, uingize kwenye orodha ya kutolewa. Na pale penye "sawa na" alikuwa ameandika alama mbili za usawa zikifuatana, kwa mazoea ya lugha nyingine za kompyuta. Sheli ya zamani ilikubali mbili. Hii ilijua moja tu. Ilipokutana na mbili ilishindwa kulinganisha, na iliposhindwa ikachukulia kwamba jibu ni hapana. Mfuko haujazuiwa. Uingize.

Mifuko yote.

Alilinganisha orodha ya asubuhi na kumbukumbu za maabara. Orodha ilikuwa na mifuko sabini na mmoja. Saba kati yake haikupaswa kutoka.

"Barafu!" Alikuwa tayari mbio kwenye korido, viatu ameviacha chini ya meza. "Barafu, funga jokofu! Usitoe kitu!"

Barafu alikuwa anafunga sanduku la baridi. Aliinua mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

"Nisomee namba nikuambie," Mama Pacha alisema. "Hii mifuko saba imezuiwa. Orodha ni ya uongo."

"Orodha ya uongo?" Barafu alirudia maneno hayo taratibu, kama hayakuwa Kiswahili. "Wewe si ndiye uliyesema..."

Ndiyo, ni yeye aliyesema. Zamani mifuko iliyosubiri kipimo cha pili ilibandikwa stika nyekundu. Stika zilibanduka kwa baridi, zikaanguka, nyingine zikashika mifuko isiyohusika. Mama Pacha ndiye aliyesimama kikaoni akaomba ziachwe. Tuamini orodha, alisema, na watu wakapiga makofi. Kisha miezi miwili iliyopita jokofu la pili likafa, na mifuko iliyozuiwa ikahamia kwenye rafu zilezile za mifuko salama. Hakuna aliyejali. Si orodha ipo?

Walipata mitano kwenye rafu. Wa sita ulikuwa ndani ya lile sanduku alilokuwa analifunga Barafu. Aliutoa kwa mikono miwili.

"Wa saba unaishia na tatu moja nane," Mama Pacha alisema. "Kundi O hasi."

Barafu alipitisha kidole kwenye daftari la kutoa. Kidole kikasimama.

"Umeondoka saa mbili na nusu. Hospitali kuu. Chumba cha upasuaji."

Dada yake Mama Pacha, mkubwa wake kwa miaka minne, alikuwa muuguzi wa chumba hicho.

Alimpigia kwanza dereva wa pikipiki aliyepeleka. Alipokea katikati ya kelele za barabarani.

"Nimeshafikisha, mama. Narudi."

"Umemkabidhi nani?"

"Dirishani, wakasaini. Walikuwa na haraka hasa. Sijamaliza hata kufungua sanduku, mtu amenipokonya mkononi."

Simu ya dada yake ilikuwa imezimwa, kama ilivyo siku zote anapokuwa kazini. Simu ya stoo ya damu ya hospitali ilikuwa inatumika. Alipiga tena, inatumika. Kwenye kumbukumbu za maabara aliona kwa nini mfuko ule ulizuiwa: kipimo cha kwanza cha homa ya ini kilionyesha shaka. Sampuli ilikuwa irudiwe leo.

Mkuu wa benki aliwakuta wamesimama kati ya majokofu. Alikuwa daktari, mtu wa suruali zilizonyooshwa na maneno yaliyonyooshwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Tulia kwanza. Tusiwatie watu hofu kabla hatujathibitisha. Turudie kipimo."

"Kinachukua saa ngapi?"

"Nne, tano."

"Mkuu, mfuko uko chumba cha upasuaji."

"Basi waambie kuna hitilafu ya lebo. Waurudishe mfuko, tuubadilishe. Yaishe kimyakimya."

Kwa muda mfupi Mama Pacha alilitamani hilo neno. Lebo. Lilikuwa jepesi, halikuwa na mwenyewe. Kisha akaona litakavyokwenda.

"Wakisikia lebo wataangalia lebo," alisema. "Lebo haina kosa lolote. Wataiangalia, wataiona sawa, wataendelea."

Hakungoja jibu. Alipiga namba ya mapokezi ya hospitali.

"Hospitali, habari za asubuhi," sauti ya mwanamke ilisema, bila haraka.

"Nzuri. Ndugu yangu, nakuomba usiniunganishe popote, simu zote zinatumika. Nakuomba uandike."

"Niandike nini?"

"Mfuko wa damu unaoishia na tatu, moja, nane. Uko chumba cha upasuaji. Usiwekewe mgonjwa. Kama umeanza, usimamishwe sasa hivi."

Kalamu ilisikika ikikwaruza, halafu ikanyamaza.

"Nani anazungumza?"

"Benki ya damu."

"Daktari?"

"Hapana. Mimi ni fundi kompyuta."

"Fundi kompyuta." Mpokezi alivuta pumzi. "Mama, niende kuwasimamisha madaktari kwenye upasuaji, niseme nimetumwa na fundi kompyuta?"

"Sema hivyohivyo. Kosa ni langu mimi, ndiyo maana najua. Mfuko huo ulizuiwa, skripti yangu ikauruhusu. Tafadhali kimbia."

Mama Pacha alikaza simu sikioni.

"Usikate," mpokezi alisema, na simu ikagonga meza.

Miguu ikasikika ikienda, nyepesi, ya mtu anayekimbia kweli. Kisha zikabaki sauti za ukumbi wa mbali: simu nyingine ikiita bila kupokewa, mtoto akilia, mtu akiuliza hapa hakuna mtu? Mkuu alikuwa amegeukia dirisha. Barafu alikuwa bado ameupakata ule mfuko wa sita, hajui auweke wapi. Mshale mwembamba wa saa ya ukutani ulizunguka mara moja. Ukazunguka tena. Mara ya tatu Mama Pacha aliacha kuutazama, akatazama vidole vya miguu yake kwenye sakafu ya saruji na kuona kwa mshangao kwamba havina viatu. Aliuinulia macho tena. Mzunguko wa nne. Mshale ulikuwa unaelekea kumaliza mzunguko wa sita simu ilipoinuliwa.

"Nani huyu?"

"Dada. Ni mimi."

"Tatu moja nane?"

"Ndiyo."

"Nimeufunga sasa hivi."

"Umeingia?"

"Vijiko viwili, vitatu. Labda na zaidi kidogo." Dada yake aliongea kwa kasi na kwa chini, sauti ya kazini, sauti ambayo nyumbani hakuwahi kuitumia. "Mfuko una nini?"

"Shaka ya homa ya ini. Kipimo cha kwanza. Cha pili kinaanza sasa."

Dada yake alishusha sauti zaidi.

"Sikiliza. Huyu mama amejifungua saa moja iliyopita na anatoka damu. Hatujaidhibiti. Nina mfuko mmoja tu wa kundi lake uliobaki. Ukiisha huo, mdogo wangu, nitamwekea maji?"

"Nakuletea mingine."

"Imekaguliwa na nani? Na hiyo kompyuta yako?"

"Kwa macho. Mimi na Barafu, mfuko kwa mfuko, na daftari la maabara."

"Dakika ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Ishirini," dada yake alisema, akakata.

Walikuwa na mifuko minne ya O hasi. Barafu aliitoa mmoja mmoja na kusoma namba kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, na Mama Pacha akafuata kwa rula kwenye daftari kubwa ambalo wataalamu wa maabara bado waliliandika kwa mkono na ambalo yeye, mwaka juzi, alitaka lifutwe. Mkuu alisimama nyuma yake na kuyatazama yaleyale. Wa kwanza: vipimo vyote safi. Wa pili: safi. Wa tatu: kwenye daftari tarakimu ya mwisho ilikuwa imeandikwa juu ya nyingine.

"Hii ni tatu au nane?" Mama Pacha aliuliza.

Barafu aliinama. "Nane. Hapana. Ngoja. Naona kama tatu."

"Ni nane," Mkuu alisema. "Nionavyo mimi ni nane. Na nane ndiyo huu mfuko, na ni safi."

"Una uhakika?"

Mkuu aliinamia daftari tena. Mlio wa pikipiki ulisikika ukiingia uani.

"Uacheni," alisema.

Wa nne ulikuwa safi. Mitatu ilikwenda. Dereva hakuzima hata injini. Barafu alimfungia sanduku mgongoni huku akimwambia maneno ambayo Mama Pacha hakuyasikia, na pikipiki ikatoka getini ikiwa imelala upande mmoja. Ilifika kwa dakika kumi na nane tangu simu kukatwa. Hayo waliyajua baadaye, kwa ujumbe wa neno moja kutoka kwa dada yake: "Imefika."

Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kungoja hakukuwezekana, kwa sababu hospitali nyingine nazo zilihitaji damu. Mkuu aliagiza seva ya zamani irudishwe. Mama Pacha aliibonyeza, ikatoa mlio mmoja na kunyamaza. Aliibonyeza mara nne. Ilikuwa imekufa kweli safari hii. Basi wataalamu wawili wakaitwa kukagua mifuko kwa daftari, na yeye akarudi mezani kwake.

Angeweza kufuta alama moja ya usawa na kusema amemaliza. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Lakini aliusoma mstari ule tena, polepole, na akaona kwamba alama haikuwa kosa lenyewe. Kosa lilikuwa swali. Kwa miaka saba skripti yake iliuliza, huyu amezuiwa? Na kila asiyejulikana, kila aliyeshindwa kusomeka, kila jibu lililopotea njiani, lilipita mlangoni kama salama. Aligeuza. Sasa iliuliza, huyu ni SAFI? Asiyeweza kujibu abaki ndani.

Kisha akaweka amri kwamba kosa lolote, hata dogo, lisimamishe kazi yote na orodha isichapwe kabisa. Lile agizo la kutupa malalamiko hakulirudisha.

Baada ya hapo alienda uani, kwenye gari la kuchangia damu, lililokuwa linajiandaa kutoka. Kompyuta ya humo ilikuwa ya ukoo mwingine kabisa, na kwa ajili yake alikuwa akitunza nakala ya pili ya skripti, yenye viraka vyake. Tatu, ukihesabu ile ya kwenye kompyuta yake ya mkononi. Hakuwa na hakika tena zinatofautiana wapi. Alikaa kwenye kiti cha mchangiaji, kompyuta ya gari mapajani, akaijaribu ile skripti mpya. Ilisimama palepale, kwenye hesabu ya tarehe ya damu kuisha muda. Amri ya kuuliza "siku thelathini na tano zilizopita ni tarehe gani" ilieleweka kwenye seva. Hapa ilikuwa kelele tu. Aliifuta, akaiandika hesabu upya kwa kujumlisha siku kwa namba za kawaida, amri za msingi ambazo kila sheli, ya zamani au mpya, inazijua. Zilikuwa ndefu na hazikupendeza macho. Alizijaribu garini, akakimbia kuzijaribu kwenye seva, akarudi garini.

"Nitegee mitego," alimwambia Barafu. "Unajua daftari linavyokosewa kuliko mimi. Andika mifuko ya uongo."

Barafu alivuta kiti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukalegea. Aliandika mfuko usio na hali yoyote. Aliandika neno safi kwa herufi ndogo. Aliandika SAFI na kuacha nafasi mbele yake isiyoonekana kwa macho. Aliandika "SAFI labda".

"Nani ataandika 'SAFI labda'?"

"Wewe hujafanya kazi na watu," Barafu alisema.

Mifuko yote ya uongo ilibaki nje ya orodha, kwenye kompyuta zote tatu. Ilikuwa saa nane mchana. Mama Pacha hakuhisi chochote. Kila hatua iliyosikika kwenye korido aliisikiliza mpaka ipite.

Saa tisa na dakika kumi hatua moja haikupita. Mtaalamu wa maabara, binti mrefu asiye na maneno mengi, alisimama mlangoni akiwa bado na glavu.

"Tatu moja nane," alisema. "Nimerudia mara mbili, kwa njia mbili. Hakuna kitu. Ile ya kwanza ilikuwa shaka ya bure."

Barafu alisema alhamdulillahi kwa sauti kubwa. Mkuu, aliyekuwa ametokea nyuma ya binti yule, aliegemea ukuta. Mama Pacha alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Wenzake walidhani ni ya furaha na wakamwacha. Kilichomliza ni kwamba damu ile ilikuwa safi asubuhi na mapema, kabla hajakimbia, kabla hajapiga simu. Yeye hakumwokoa mtu. Ingekuwa chafu, vijiko viwili vingetosha kumwambukiza.

Jioni Mkuu alimletea rasimu ya taarifa. Ilikuwa fupi. "Hitilafu ya mtambo mpya," iliandika, "ilisababisha orodha kutokuwa sahihi."

"Siwezi kusaini hii," Mama Pacha alisema.

"Haisemi uongo."

"Mtambo mpya ulifanya kile nilichouandikia. Uliniambia umeshindwa, tena mara sabini na moja. Mimi ndiye niliyeuziba mdomo."

"Unajua inaweza kukutoa kazini."

"Najua."

Aliandika yake, ukurasa mmoja na nusu: alama mbili, malalamiko yaliyotupwa, stika zilizoondolewa, majaribio yaliyofanywa mahali pasipo. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, akairudia akiwa amekaa. Kisha akachukua kalamu na kuongeza mistari miwili chini kwa mwandiko wake: kwamba yeye aliidhinisha kuhama bila kuuliza skripti ilijaribiwa wapi, na kwamba yeye ndiye aliyeshauri isemwe ni lebo. Akasaini haraka, akatoka bila kuaga.

Siku ya pili asubuhi Mama Pacha alikwenda hospitali. Dada yake alimngoja kwenye ngazi, amevaa sare, uso ameukunja. Walipanda ghorofa mbili. Kwenye kona ya wodi dada alisimama.

"Mkono ulioutundika ule mfuko ni huu," alisema na kuuinua. "Si wako. Wewe uko kule na mashine zako. Mimi ndiye niliyemwambia yule mama usiogope, damu hii imekaguliwa. Nilimwambia hivyo, maneno hayohayo."

"Najua, dada."

"Hujui. Usiku nimekaa kitandani nikiutazama." Aliushusha. "Umekula?"

"Bado."

"Utakula tukitoka. Twende."

Mgonjwa alikuwa kitanda cha dirishani, mwanamke mwenye umri wa Mama Pacha au chini kidogo, midomo bado haina rangi, mtoto amelala kwenye mkono wake wa kushoto. Mume wake alikaa pembeni kwenye kigoda. Daktari wa wodi alikuwa ameshawaeleza ya kitabibu. Mama Pacha alieleza yaliyobaki, akiwa amesimama, kwa maneno ya kawaida: mimi ndiye niliyeandika orodha, niliiandika vibaya, ikakuletea mfuko ambao haukupaswa kutoka. Umepimwa, ni salama. Lakini asubuhi ile hakuna aliyekuwa anajua.

Mwanamke alimsogeza mtoto karibu.

"Kwa hiyo ungeweza kukaa kimya," alisema.

"Ndiyo."

"Ulifikiria?"

"Kidogo. Kama pumzi moja."

Mume aliinuka kwenye kigoda, akakaa tena. Mtoto alijinyoosha, akafanya uso wa kutaka kulia, akaghairi.

"Nina hasira," mwanamke alisema. "Lakini nimechoka, siwezi hata kuishika. Njoo kesho. Kesho nitakuwa na maneno."

Mama Pacha alikwenda kesho yake. Maneno yalikuwa tayari: maswali kumi na moja, mume ameyaandika nyuma ya kadi ya kliniki. Safari hii walimpa kiti. Alijibu moja baada ya jingine, na mawili ambayo hakuyajua alisema hayajui na kwamba atauliza. Walitaka kujua kama mtoto anaweza kunyonya. Walitaka kujua kama kuna mwingine aliyepewa mfuko usiofaa. La mwisho alilisoma mume mwenyewe, akikazia macho mwandiko wake.

"Orodha ya kesho asubuhi, nani ataiangalia?"

"Mimi. Na mtunza majokofu, mfuko kwa mfuko, mpaka mwezi uishe."

"Na mimi nitapiga simu," dada yake alisema kutoka nyuma, akirekebisha mpira wa dripu. "Kila asubuhi, saa mbili kamili. Asipopokea nitakwenda huko mwenyewe."

Baraza la benki ya damu liliisoma taarifa, likampa Mama Pacha onyo la maandishi na kumwacha kazini. Stika nyekundu zilirudi, za aina nyingine isiyobanduka kwa baridi. Baada ya wiki sita mama yule alirudi kupimwa kwa tahadhari, akapimwa tena baada ya miezi mitatu, na mara zote mbili majibu yalikuwa safi. Dada alikuwa wa kwanza kuyasoma, naye ndiye aliyempigia mdogo wake simu, katikati ya kazi, akiwa amesimama kwenye korido ambako simu haziruhusiwi.